Nyumba Inapangishwa, Inajitegemea

Jumatatu saa tisa alasiri, baada ya kula ugali na dagaa wa Nyasa, Sixbert Komba alikalia kigoda uani kwake, Majengo, mjini Songea. Alichukua kipande cha bati kilichobaki alipoezeka jiko, akakipaka rangi nyeupe, na wakati rangi inakauka akakata kucha za miguu. Halafu akachovya brashi kwenye rangi nyekundu ya geti na kuanza kuandika tangazo.

Kuandika alikuwa anakujua. Miaka thelathini na moja alikaa masijala, akipokea barua, akiziweka kwenye mafaili, na akiyatafuta mafaili yaliyopotea ambayo aliyapoteza mwenyewe. Huko masijala, karatasi yoyote ikipita mbele yako unaiandikia "Nimeona", unasaini, na kama hakuna mwenye hamu ya kuishughulikia unaongeza "Ihifadhiwe". Sixbert alistaafu, mkono wake ukakataa kustaafu. Kadi za harusi aliziandikia "Nimeona". Risiti za umeme wa Luku, "Nimeona". Siku moja mke wake, Theodosia, alimwachia kikaratasi mezani kwamba chumvi imekwisha, akarudi jioni na kukuta kimeandikwa chini: "Nimeona. Ihifadhiwe. S.K." Mboga ya siku ile ililiwa hivyo hivyo.

Tangazo lilisomeka hivi: NYUMBA INAPANGISHWA. INAJITEGEMEA. CHOO NDANI. MAJI SAA 24. MTAA TULIVU. MWENYE NYUMBA HANA USUMBUFU. WASTAARABU TU. WENYE WATOTO, WAPIGA MUZIKI NA WAKAANGA DAGAA WASIJISUMBUE.

Alijisifu moyoni kwa kuandika "saa 24" wakati mji mzima unaandika "masaa". Theodosia alikuja na ungo wake wa mchele, akasoma huku akipepeta.

"Choo ndani ya nini?"

"Ndani ya uzio."

"Na hiyo inajitegemea? Si imetuegemea sisi?"

Ni kweli. Nyumba inayojitegemea, kila mpangaji anajua, ni ile yenye vyake vyote, isiyochangia kitu na mtu. Kile kinyumba cha uani kilikuwa na vyumba viwili na kuta tatu. Ukuta wa nne ulikuwa wa nyumba kubwa, na umeme wake ulivutwa kwa waya uliopita dirishani juu ya kitanda cha Sixbert. Mpangaji wa mwisho alikuwa akipiga chafya, Sixbert anamjibu "afya" kutoka chumbani kwake.

"Ni lugha ya matangazo tu, mama," alisema, akaligongomelea bango kwenye nguzo ya uzio kwa misumari minne.

Alikuwa na haraka, na haraka yenyewe aliitengeneza kwa mdomo wake. Asubuhi ile dada yake mkubwa, Kunegunda, alipiga simu kutoka Namtumbo. Upepo ulikuwa umebeba bati lililokuwa juu ya kitanda chake, na ukuta wa nyuma umelowa mpaka umelegea. Magoti nayo yalikuwa yanamtaka kliniki mjini kila wiki mbili. Aliomba akae kwenye kile kinyumba cha uani. "Si kipo tupu, mdogo wangu?" Sixbert, bila hata kumeza mate, alijibu, "Kina mtu, dada." Kunegunda akasema haya, hata hivyo Jumamosi atakuja kuwasalimu na kuongea.

Kwa hiyo Sixbert alikuwa na siku tano za kumpata huyo mtu. Si kwamba hakumpenda dada yake. Alimpenda sana, hasa akiwa Namtumbo. Shida ni kwamba Kunegunda akikaa karibu huanza kukumbuka, na akikumbuka huuliza habari za barua ya marehemu baba yao, na Sixbert hakupenda habari za barua ile.

Jumanne kulipokucha, kinyumba cha uani kilikuwa kimesogea hatua tatu.

Kilisimama peke yake katikati ya ua, kimetulia, mlango ukiangalia mashariki. Kilikuwa kimejitengenezea ukuta wa nne kwa matofali yale yale ya kuchoma, na kosa la fundi kwenye safu ya tano kilikuwa kimelinakili. Waya wa umeme ulikuwa umekatika na unaning'inia, lakini taa ya barazani kwake iliendelea kuwaka. Theodosia alipima nafasi iliyobaki katikati kwa macho, akaenda kuleta kamba, akaanika mashuka.

"Luku yetu sasa itafika mwisho wa mwezi," alisema.

Mjumbe wa mtaa alipita saa mbili, akazunguka nyumba ile mara moja, akauliza kama ina mpango wa kwenda mbali. Sixbert akasema hajui. Mjumbe akasema isivuke mtaro, kwa sababu ng'ambo ya mtaro ni eneo la balozi mwingine, akaendelea na safari yake. Nyuma yake alikuja Iddi, dalali mwenye bodaboda, mtu aliyejua kila chumba tupu kuanzia Lizaboni hadi Msamala.

"Hongera, mzee wangu. Sasa hiyo ni stendialoni kabisa," alisema. Akalipiga bango picha, akairusha kwenye grupu la madalali.

Mchana akamleta mteja wa kwanza. Alikuwa ndiye hasa aliyeotwa na Sixbert: afisa mmoja kijana, Clinton, mwenye gari na viatu vya kung'aa, asiye na mke, asiye na watoto, anayekula hotelini. Sixbert alijikuta anamwita "mkuu", wakati alikuwa na umri wa kumzaa. Akatia ufunguo kwenye kitasa. Ufunguo ukazunguka vizuri, mlango ukakataa. Ndani lilisikika komeo likisukumwa, taratibu, na mtu asiyekuwepo.

"Kuna mtu ndani?" Clinton aliuliza.

"Hapana, inajitegemea," Iddi alimjibu.

Clinton aliangalia saa, akasema atarudi. Mtu mwenye gari akikwambia atarudi, ujue ndiyo kwaheri. Sixbert alibaki ameshika ufunguo wa nyumba yake, akajiona alivyo: mzee wa miaka sitini na sita, aliyefungiwa nje na banda.

Jumatano asubuhi tangazo lilikuwa limebadilika. CHOO NJE, lilisema, MLANGO WAKE HAUFUNGI, UKIWA NDANI IMBA. MAJI JUMANNE NA IJUMAA. MTAA TULIVU, ISIPOKUWA MWENYE NYUMBA AKITAFUTA MIWANI YAKE. MWENYE NYUMBA ATACHUNGULIA SUFURIA ZAKO, MVUMILIE, HAIBI. WENYE WATOTO KARIBUNI.

Sixbert alivaa miwani (ilikuwa kichwani) akaukagua mwandiko. Ulikuwa wake. Hata ile R yenye mkia, iliyowahi kumletea barua ya karipio kazini, ilikuwepo. Akaleta mafuta ya taa na tambara, akafuta kila kitu. Kufika saa saba mchana maneno yalikuwa yamerudi, safari hii yamekaa vizuri zaidi, na mkato umewekwa mahali ambapo yeye huwa anausahau. Alisimama pale muda mrefu. Kama angekuwa mtu wa haki angekiri kwamba katika miaka yote ya utumishi hakuwahi kuandika kitu safi kama kile.

Alikiri. Alimwambia Theodosia wakati wa chakula cha jioni, huku anacheka kwa aibu, "Mama, mimi ningekuwa mpangaji, nisingepanga kwangu."

"Mimi mbona nimepanga miaka arobaini," Theodosia alisema, akamwongezea mboga.

Watu walisimama barabarani wakasoma, wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakapiga picha. Halafu, jamani, wakaanza kuuliza kama nyumba bado ipo. Lile tangazo la kwanza, lenye choo ndani na maji saa 24, lilileta mtu mmoja na gari lake. Hili la pili lilileta watu kumi na moja kwa siku moja: fundi cherehani, muuza korosho wa Tunduru na mkewe, manesi wawili. Mtu akishaambiwa mapema kwamba choo hakifungi, hana tena la kuogopa. Mlango haukumfungulia hata mmoja, lakini haukuwa na dharau kama kwa Clinton. Ulikaa kimya tu, kama mtu anayefikiri.

Alhamisi alasiri alifika mwalimu Tumpe, mwenyeji wa Rungwe, amehamishiwa Songea kufundisha darasa la kwanza. Wiki ya pili sasa alikuwa analala na watoto wake wawili kwenye chumba cha mwalimu mwenzake, wanne kitanda kimoja, na mwenzake ameshaanza kupumua kwa sauti. Alimsalimu Sixbert, "Shikamoo, baba," akasoma bango mpaka mwisho, midomo ikicheza kidogo kama ya watu waliozoea kuwasomea wengine.

"Kuimba si tatizo," alisema. "Mimi ni sauti ya kwanza kwaya ya kanisani."

Kabla hajafika barazani, komeo likajivuta na mlango ukafunguka wote. Ndani sakafu ilikuwa imefagiliwa. Tumpe akavua viatu akaingia.

Watoto wawili! Kwaya! Na mfuko aliobeba ulikuwa unanuka dagaa. Sixbert alihesabu makosa matatu ya tangazo lake katika mtu mmoja, lakini akakumbuka Jumamosi.

"Unaweza kuhamia kabla ya keshokutwa?"

Tumpe alimwangalia, machozi yakamlengalenga. Mwenye nyumba anayemhurumia mtu hivi hakuwahi kumwona. "Baba, Mungu akubariki," alisema. Sixbert aliipokea ile baraka kama alivyokuwa akizipokea barua za wakubwa: kwa mikono miwili, bila kusoma kilichomo.

Ijumaa Tumpe alihamia na godoro, ndoo tatu na sanduku la vitabu. Usiku wa Sixbert ulikuwa mtamu. Ukweli sasa ulikuwa umelingana na uongo wake wa Jumatatu, na hesabu ya namna hiyo ilimpa usingizi. Ilibaki kung'oa bango. Alijaribu kwa mikono, kwa kisu, kwa nyundo. Misumari wapi! Akaacha kwanza.

Jumamosi asubuhi tangazo lote lilikuwa limefutika. Mahali pake, kwa rangi ile ile nyekundu, palikuwa na haya:

MIMI BABA YENU NASEMA. KIWANJA CHA MAJENGO NI CHA KUNEGUNDA, ALIYELIMA TUMBAKU WAKATI MWENZAKE YUKO SHULE. KUNEGUNDA AJENGE HAPO. SIXBERT AMEPEWA SHULE, INAMTOSHA. SIXBERT AMSOMEE DADA YAKE BARUA HII.

Ilikuwa ndiyo barua, neno kwa neno. Miaka ishirini na miwili iliyopita, baada ya matanga, Kunegunda aliileta kwa mdogo wake ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa, kwa kuwa yeye hajui kusoma na Sixbert ndiye msomi wa ukoo. Naye alimsomea. Alipitisha kidole chini ya kila mstari, polepole, kwa heshima. Ila palipoandikwa Kunegunda alisoma Sixbert. Kunegunda alisema sawa, baba ameamua vizuri, wewe una kazi mjini. Kisha Sixbert akaiandikia barua "Nimeona. Ihifadhiwe", na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akahifadhi kitu mahali ambapo hakikupotea. Ilikuwa chini ya sanduku la nguo, ndani ya faili la kijani.

Sasa alisimama mbele ya bango na kijasho kinamtoka, na Songea ile ya Machi haina joto. Aliona aibu, tusimseme vibaya, aliona aibu kweli. Lakini karatasi ilikuwa imepita mbele yake. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoa kalamu nyeusi ya wino mzito, na kabla kichwa hakijashauriwa ukaandika pembeni chini, kwa herufi ndogo: "Nimeona. S.K."

Majirani walipita kwenda sokoni, wakasoma. Mmoja akasema mwandiko mzuri. Mwingine akauliza nyumba imeshapata mtu. Theodosia alitoka, akasoma mara mbili, akarudi ndani. Sixbert alipomwomba kanga ya kulifunika bango, alijibiwa kutoka jikoni kwamba kanga zote zimelowekwa.

Saa nne Iddi akasimamisha bodaboda mbele ya uzio, na nyuma yake alikuwa Kunegunda, amekaa upande, ameshika mfuko wa karanga na mwingine wa unga wa mahindi. Alishuka kwa taabu, mguu mmoja kwanza, akanyoosha mgongo. Kitu cha kwanza mbele ya uso wake kilikuwa bango.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mmeamkaje?" Aliangalia zile herufi nyekundu jinsi mtu anavyoangalia shamba la mwenzake. "Hapo pameandikwa nini?"

Iddi alizima pikipiki. Theodosia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Tumpe, aliyekuwa anaanika nguo za watoto, aligeuka. Wote watatu walikuwa wanajua kusoma.

Sixbert alishusha miwani kutoka kichwani. Akanyoosha kidole akakipitisha chini ya mstari wa kwanza, polepole, kwa heshima, halafu wa pili, mpaka wa mwisho.

"Nyumba hii," alisoma, "imeshapata mpangaji. Ahsanteni nyote."

"Maneno yote hayo?"

"Ndicho Kiswahili cha ofisini, dada. Kirefu."

Mwalimu Tumpe, ambaye kazi yake duniani ni kuwaonyesha watu herufi, alifungua mdomo. Nyuma yake, kupitia mlangoni, lilionekana godoro limetandikwa, na watoto wake wamelala juu yake wamejinyoosha, kila mmoja na upande wake. Akaufunga. Theodosia alikuwa na kuta nne pale na miaka arobaini ya ndoa, na Iddi alikuwa na udalali wake.

"Unasoma vizuri," Kunegunda alisema. "Baba hakukosea kukupeleka shule."

Hapo mlango wa kinyumba, uliokuwa umerudishwa nusu, ulifunguka wote mpaka ukagonga ukuta. Kilijisogeza mbele nusu hatua kumwelekea Kunegunda, na vumbi kidogo likadondoka.

"Mlango wenu umefunguka wenyewe."

"Ni upepo, dada."

Walikula wali na maharage. Kunegunda alimpokea Tumpe vizuri, akawapa watoto karanga, akasema nyumba imepata mtu mwema, hilo ndilo la kushukuru. Hakuuliza habari za barua. Saa nane akasema awahi basi la Namtumbo. Sixbert alimwambia asubiri akamtafutie nauli na chochote. Alipotoka na bahasha alimkuta dada yake amesimama kwenye nguzo.

"Kama nyumba imeshapata mtu, bango la nini tena? Nipe hili bati nikazibe pale juu ya kitanda."

"Halitoki, dada. Nimejaribu na nyundo."

Kunegunda alishika msumari wa kwanza kwa vidole viwili, akauvuta, ukatoka. Akauvuta wa pili, wa tatu, wa nne, kama mtu anayechuma kisamvu. Akavifuta vidole, akalifunga bati kwa kanga yake mwenyewe, na kumwomba Iddi amsaidie kulibeba hadi stendi. Sixbert alimsindikiza mpaka kona. Alitaka kusema kitu. Alichosema ni kwamba aangalie bati lisimkate.

Tangu hapo mambo yamekaa sawa. Tumpe ni mpangaji mwema, wa kwanza aliyefika mwisho wa mwaka bila kugombana na Sixbert, na akiwa chooni anaimba sauti ya kwanza vizuri kiasi kwamba jirani mmoja ameanza kuja kanisani. Kinyumba kinasogea nusu hatua kila wiki upande wa barabara ya Namtumbo, na kila Jumamosi Sixbert anang'oa uzio wa mashariki akausogeza ili kipate nafasi. Mjumbe amekumbusha habari za mtaro. Faili la kijani bado liko chini ya sanduku.

Kunegunda hupiga simu jioni, kukiwa bado na mwanga. Juzi alisema bati halivuji hata tone. Fundi alilipigilia upande wa maandishi ukiwa ndani, kwa hiyo akilala chali anayaona.

"Nimeshaanza kuyazoea," alisema. "Kuna neno moja limekaa kama lile la kwenye kadi yangu ya kliniki. Refu. Nimeliona mara mbili."

"Herufi hufanana, dada. Kama watu."

"Ee. Na hapa chini pembeni, pana vimaandishi vyeusi. Hivi navyo ni vya nini?"

Sixbert aliangalia uani. Kinyumba kilikuwa kimewasha taa yake.

"Hapo nimesaini, dada."

"Umesaini kwamba nini?"

"Kwamba nimeona."

Kitanda cha Kunegunda kilisikika kikilia alipojigeuza.

"Afadhali wewe umeona, mdogo wangu," alisema. "Mimi huku naangalia tu."

Sixbert akasema ndiyo, dada, na akamuuliza kama huko kwao mvua imeanza kupungua.